Sahani Zilizopanda Mlima

Scolastika aliamka Krismasi ile akiwa na hasira, na wala hakuwa na mpango wa kuipunguza. Wenzake siku kama hiyo wanaamka wakiwaza pilau na gauni jipya. Yeye aliamka anawaza meza. Alijifunga kitenge, akatupia sweta juu yake, akatoka kwa mlango wa jikoni kimyakimya mpaka kwenye migomba nyuma ya nyumba, kwa sababu Melkior alikuwa amemtumia ujumbe kwamba ameshafika.

Na kweli alikuwa amefika. Alisimama pembeni ya pikipiki, tope mpaka magotini, shati limemganda mwilini kwa mvua. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga matawi ya mkrismasi yaliyojaa maua mekundu, na juu ya matawi hayo ndipo lilipokuwa koti lake.

"Koti umeyavalisha maua?" Scolastika aliuliza, akijitahidi asicheke.

"Sasa ningefanyaje, Scola? Mimi nikilowa nitakauka. Haya yakichakaa utaninunia mpaka Pasaka."

Huku juu Kindimba baridi ni kali, na mkrismasi hauchanui kama unavyochanua chini kwenye joto, Mbamba Bay, kando ya ziwa, ambako Melkior alikuwa fundi wa mashine za boti. Mwenyewe alizaliwa Chiwanda, karibu kabisa na mpaka wa Msumbiji, na kila mtu nyumbani kwa kina Scolastika alimwita "yule wa ziwani," kama vile hakubatizwa jina. Alikuwa amepanda mlima tangu alfajiri kuleta maua ambayo baba yake Scolastika angeyatupa kwa ng'ombe kama angejua yametoka kwa nani.

Kisha Melkior akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Scolastika hakuhitaji kuuliza. Wanaume wengine wanawaletea wachumba wao manukato na mikufu. Huyu, tangu siku alipomsikia Scolastika akisema kwamba meza nzuri ni ile ambayo kila sahani ina kwao, hakuwahi kupanda mlima bila sahani.

"Hii ya wapi?"

"Liparamba. Bibi mmoja aliitundika ukutani miaka yote, hajawahi kuilia hata siku moja. Nilipomwambia ni ya mchumba wangu, akaishusha mwenyewe."

Ilikuwa nyeupe, ya zamani, na katikati jogoo mwekundu amepanua mbawa. Scolastika aliifuta kwa pindo la kitenge. Alipoinua macho akakuta Melkior anamtazama, sio sahani, anamtazama yeye, kwa macho yale yaliyochoka na njia lakini hayataki kuondoka. Moyo ulimwenda mbio. Alimpenda mwanaume huyu.

"Kwa hiyo sasa nirudi?" Melkior aliuliza taratibu.

"Urudi wapi? Kaa pale njia panda kwa fundi pikipiki. Nikikupigia, uje."

"Nije wapi?"

"Mezani."

"Scola! Baba yako alisema nikikanyaga hapa ataniachia mbwa."

"Mbwa nimeshawafunga," alisema Scolastika. "Nisikilize. Leo Isidori anakuja na baba yake mkubwa kuniposa. Wakila wakamaliza na mimi nikanyamaza, watahesabu nimekubali, na padri ataambiwa kesho. Kwa hiyo sinyamazi. Nataka tu nijue, nikipasua jambo hili, wewe upo?"

"Mimi nipo tangu sahani ya kwanza."

Scolastika aliyapokea maua, akamgusa shavu lililopoa kwa mvua, akageuka haraka kabla hajaanza kulia.

Sebuleni, Shangazi Benadetha alikuwa ameshafungua kabati. Huyu ni dada yake baba, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka bonde la pili, na ndiye aliyekaa na ufunguo wa kabati la vyombo vya wageni. Unalijua kabati la namna hiyo: lina vioo, lina seti nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, na watu wa nyumba wanazeeka bila kuigusa. Aliitoa sahani moja moja akiipuliza vumbi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, njoo uone vyombo. Hivi vilinunuliwa kwa ajili ya siku kama ya leo. Na wewe si ndiye mpambaji? Mbinga mjini kote wanakuita kwenye maharusi yao. Sasa pamba ya kwako."

Maneno hayohayo baba yake alikuwa ameyasema juma lililopita, akicheka, kama vile anampa zawadi. Pamba meza yako mwenyewe. Jamani, hebu fikiria: binti akapambe kwa mikono yake meza ya kuozwa kwa mtu asiyemtaka, na akishapamba aambiwe ahsante!

"Nitapamba, shangazi. Lakini seti hiyo irudishe ndani."

"Nini?"

"Nina vyombo vyangu."

Akaingia chumbani, akaliburuta kasha lake la bati. Alitandika vile vitambaa vyeupe vya kufuma vya mama yake, akaviunga mpaka vikafunika meza zote mbili zilizosogezwa pamoja. Kisha akaanza kupanga. Hapa sahani ya bluu yenye samaki, pale bakuli la kijani la supu, kule ya bati nyeupe yenye ukingo mweusi, na bakuli la udongo mwekundu lililovuka ziwa kwa boti. Hakuna iliyofanana na mwenzake. Katikati aliyalaza matawi ya mkrismasi, na kati ya matawi akachomeka mayungiyungi meupe aliyoyakata chini kwenye kijito. Wekundu wa ziwani na weupe wa mlimani vikakutana mezani, na sebule ile yenye giza ikachangamka.

Shangazi Benadetha alishika kiuno.

"Yesu na Maria! Scolastika, umetutandikia meza ya msiba!"

"Ya msiba kwa vipi?"

"Sahani zisizofanana ni za wapi kama si za msibani? Ni msibani ndiko tunakoazima huku na kule, hii ya mama fulani, hii ya jirani. Wageni watauliza nani kafa!"

"Waambie hajafa mtu. Ila kuna mtu hataki kuzikwa akiwa hai."

"Haya maneno unayatoa wapi? Ni yule wa ziwani anakufundisha? Mtoto unakataa shamba la kahawa lililopakana na la baba yako, unataka kwenda kula muhogo na kuumwa na mbu?"

"Muhogo ninaupenda, shangazi. Na mbu wana chandarua."

Mlangoni mwa jiko alisimama mama yake, Mama Luisa, mwiko mkononi. Aliitazama meza, kisha akamtazama binti yake kwa muda, kisha akarudi kwenye vyungu vyake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku zote watu walidhani hana neno.

Shangazi alikuwa ameshaanza kuzikusanya zile sahani pale baba alipoingia akitoka misa ya kwanza, koti la suti begani. Mzee Polikarpo alikuwa mtu mrefu mwenye majivuno ya nyumba yake, na majivuno hayo ndiyo yaliyomponza. Alisimama. Akaizunguka meza akiwa ameweka mikono nyuma, akainama kwenye sahani ya jogoo iliyowekwa mbele ya kiti chake.

"Kaka, mwambie atoe hivi vitakataka," alisema shangazi.

"Vitakataka? Benadetha, macho yako yana nini? Hata kwa askofu hakuna meza kama hii." Akaichukua ile sahani, akaigeuza. "Hizi ndizo unazonunua mnadani, mwanangu?"

"Ndizo ninazokusanya, baba," Scolastika alijibu. Hakudanganya. Hakusema yote pia.

"Ziache. Isidori aone anaoa mtu wa namna gani."

Wageni walifika mvua ikiwa imetulia. Isidori alivaa suti ya kijivu na viatu vya kung'aa, kijana mzuri tu, asiye na ubaya, ila hakuwahi katika maisha yake kusikia neno hapana. Pamoja naye alikuja baba yake mkubwa, Mzee Bernadi, katekista mstaafu, ndiye mshenga, mzee mkavu wa maneno na mwenye kuheshimiwa mpaka Kingerikiti. Scolastika alipiga goti, akawamwagia maji ya kunawa. Isidori alimtolea tabasamu la mtu aliyeshamaliza kazi. Scolastika alimtazama mikono tu.

Walikula. Wali, kuku, nyama ya nguruwe ya kukaanga, maharage ya nazi ambayo Mama Luisa aliyatuma kutoka jikoni, kwa sababu yeye na wanawake wengine walikuwa wamekaa mkekani huko, kama kawaida ya nyumba ile. Mzee Bernadi alisifu chakula, akasifu maua, akaisifu hasa sahani yake ya samaki wa bluu. Baba Polikarpo alivimba kwa furaha. Na mtu akivimba kwa furaha siku ya Krismasi, hana budi kutoa hotuba.

"Wazee wetu walikuwa na sengu," alianza, akijifuta midomo. "Vijana hamjui. Wanaume wote wa ukoo walikula pamoja kwa babu, kila nyumba inaleta chungu chake. Babu yangu alikuwa na sheria moja pale. Ukishakula kwenye chombo cha mtu, humfungii mlango. Awe amekukosea, awe mgeni, awe nani. Unamkaribisha, unamsikiliza, ndipo unasema lako. Na mimi katika nyumba hii sheria hiyo sijaivunja. Leo mmekula kwangu, Mzee Bernadi. Mlango wangu hauna kufuli."

"Maneno mazito hayo," alisema Mzee Bernadi. Akakohoa, akajiweka sawa. Jikoni wanawake wakanyamaza, kwa maana wote walijua kinachofuata. "Basi, aitwe binti."

Scolastika alisimama mbele ya meza aliyoipamba.

"Binti yetu," alisema mzee, "hawa wageni waliokaa hapa, unawatambua?"

Ndilo swali lenyewe. Ukisema ninawatambua, vigelegele vinapigwa, mambo yamekwisha.

"Ninakutambua wewe, mzee wangu, na ninakuheshimu. Isidori namtambua pia, ni jirani yetu," alisema Scolastika. "Lakini kabla sijaendelea, ninaomba niwatambulishe na mimi wageni wengine. Hizi sahani."

"Scola," baba yake alisema kwa sauti ya chini.

"Hiyo ya samaki uliyoisifia, mzee, imetoka Chiwanda, kwa mama wa mwanaume ninayempenda. Isidori, ya kwako imetoka Kingerikiti. Bakuli nililompelekea shangazi huko jikoni limevuka ziwa. Ya baba imeingia leo asubuhi kutoka Liparamba, na aliyeileta alikuwa amelowa mpaka mifupani. Sikununua hata moja mnadani. Zote ameniletea Melkior, moja moja, kila alipopanda mlima huu kuja kuniona. Nimetandika mahari ya moyo wangu hapa, wazee wangu, na nyote mmeilia."

Jikoni kitu kilianguka. Shangazi Benadetha alitokea mlangoni akiwa ameshika lile bakuli kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi.

Isidori alisukuma sahani mbele kidogo. "Kwa hiyo nimekula kwenye sahani ya mwanaume mwenzangu."

"Nilikuambia, Isidori. Wakati wa kuvuna kahawa nilikuambia usoni kwamba sikutaki. Ukacheka."

"Nilidhani unaringa."

"Sikuwa naringa."

Uso wa Isidori ulishuka, na kwa mara ya kwanza Scolastika akamhurumia. Kisha Isidori akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Baba mkubwa, mimi natangulia. Mke wa kusukumiwa simtaki." Akaaga wazee kwa adabu zote, akatoka, na kiti chake kikabaki wazi.

Hapo Baba Polikarpo akalipuka.

"Umenidhalilisha! Ndani ya nyumba yangu, siku ya Krismasi, mbele ya mzee kama huyu! Kusanya sahani zako zote, toa nje! Sasa hivi!"

"Sahani nitazitoa, baba," alisema Scolastika. Machozi yalimtoka lakini sauti haikukatika. "Chakula ulichokula humo, je? Hicho utakitoaje?"

"Scolastika!" shangazi alipiga kelele.

"Niacheni niseme! Miaka yote baba anatuambia mambo ya sengu, sisi tunasikiliza. Kumbe sheria ni ya watu wa kahawa tu? Wa ziwani haiwahusu? Baba, hujawahi hata kumsikia sauti. Umemkataa kwa sababu ya mahali alikozaliwa. Nikatae na mimi basi, maana popote alipo yeye ndipo nitakapokuwa."

Baba alimgeukia Mzee Bernadi, akitafuta mtu wa upande wake. Mzee yule alikuwa anazungusha kijiko taratibu. Alikuwa amekasirika, hilo lilionekana, ila alikuwa mtu wa haki.

"Polikarpo, mimi leo nimeaibika. Lakini maneno ya sengu umeyasema wewe, hayakusemwa na mtoto. Na nyama uliimaliza."

Ndipo Mama Luisa akaingia. Alikuwa ameivua aproni. Alikuja mpaka mezani, akavuta kiti kilichokuwa karibu na mumewe, akakaa. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwona amekaa mezani na wageni.

"Luisa, unafanya nini?"

"Nimekaa, baba Scola. Krismasi zote tangu uliponioa nimekula mkekani jikoni, nikapamba meza nisiyoikalia. Leo nimechoka kuinama." Akaikunja mikono juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. "Na huyo kijana mimi ninamjua. Ameshakula jikoni kwangu, si mara moja. Ana heshima, na akimaliza kula anaosha vyombo. Wewe hujawahi kuosha kikombe. Mlango wa mbele tu ndio hajapita."

Nyumba nzima ilikuwa imemgeuka Mzee Polikarpo, na nguruwe yuko tumboni.

Scolastika hakusubiri. Alitoa simu, akapiga palepale mbele yao.

"Melkior, njoo. Hapana, usipite nyuma. Pita mbele."

"Akija," baba alisema, akimnyooshea kidole, "akija mimi sitamwamkia!"

"Mdogo ni yeye, baba. Ataamkia yeye. Wewe ni kuitika tu."

Walikaa hivyo wakisubiri, hakuna aliyegusa chakula. Mvua ilianza tena juu ya bati. Wakasikia pikipiki inapanda, inakoroma kwenye tope, inazima. Wakasikia mtu anafuta viatu kwenye jani la mgomba, anafuta kwa muda mrefu, mpaka Scolastika akatamani kwenda kumvuta. Kisha Melkior akasimama mlangoni. Shati lilikuwa bado halijakauka. Aliona wazee, akaona maua yake mekundu katikati ya meza, akamwona Scolastika amesimama wima, macho mekundu kwa kulia, na kidevu juu. Hofu yote usoni mwake ikaondoka.

Akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

Mama Luisa hakumtazama mumewe, alitazama mbele tu. Mzee Bernadi aliacha kuzungusha kijiko. Scolastika alijua kwamba kama baba yake hataitika, itabidi atoke naye kwa mlango uleule, kwenye mvua ileile, na hatarudi tena kwenye nyumba aliyozaliwa. Na alikuwa tayari. Alikuwa ameshavua kandambili za ndani.

Mzee Polikarpo aliyatazama matope kwenye suruali ya kijana. Akalitazama lile shati lililoloa. Akatazama sahani ya jogoo mbele yake, ambayo aliisifu mwenyewe kwa kinywa chake.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ndogo, kama vile neno limemkwaruza likitoka. Halafu akaipandisha sauti haraka, ili kila mtu asikie: "Lakini mambo ya ndoa mimi sijasema kitu! Mnisikie vizuri. Sijasema!"

"Mimi nimeshasema, baba," alisema Scolastika. Akakivuta kile kiti alichokiacha Isidori, akakigeuza kuelekea mlangoni. "Melkior, njoo ukae."